Baba ameacha pombe, mimi bado nahesabu mwezi

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, mzaliwa wa Kibirizi, Kigoma. Nimeolewa, nina watoto wawili, na tunaishi hapa hapa mjini, upande wa Mwanga, ambako nafanya kazi ya uhasibu katika ofisi ambayo sitaitaja. Nakuandikia kuhusu jambo ambalo nyumbani kwetu linahesabiwa kuwa limekwisha, na kila mtu ameridhika kwamba limekwisha isipokuwa mimi.

Baba yangu alikuwa mvuvi wa dagaa. Wasomaji wako wa mikoa ya mbali huenda hawajui kwamba dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi huwasha karabai, au taa za sola siku hizi, dagaa wakaifuata nuru na wavu ukawazoa. Mwezi unapokaribia kupevuka nuru yake huenea ziwa zima, dagaa hawakusanyiki tena kwenye taa, na wavuvi hukaa nchi kavu siku kadhaa wakishona nyavu huku wakingoja giza lirudi. Kwa watoto wengine wa Kibirizi mbalamwezi ilikuwa ruhusa ya kucheza nje hadi usiku. Kwetu sisi ilikuwa wiki ya baba kuwa nyumbani, na baba alipokuwa nyumbani alikunywa gongo.

Mimi ni kifungua mimba, kwa hiyo kazi ya kusikiliza ilikuwa yangu. Kandambili za baba zilikuwa na sauti mbili. Akiwa mzima, zilipiga chini kwa mpigo mmoja. Akiwa amelewa, ya kulia ilipiga na ya kushoto ikaburuta. Nilikuwa nikilala kitandani macho wazi, na nikisikia ule mburuto kwenye kokoto za nje, nilimwamsha mama, nikamfunga mdogo wangu wa mwisho mgongoni kwa kanga, nikawatanguliza wengine kupitia mlango wa nyuma. Mama mmoja jirani alikuwa haweki komeo mlangoni mwake wiki ile ya mwezi. Hakuwahi kutuuliza neno. Tulikuta mkeka umetandikwa. Asubuhi mama alikuwa na jicho lililovimba, sufuria ilikuwa imetupwa uani, na sisi tulikuwa tumeagizwa kwamba tukiulizwa shuleni tuseme baba ana malaria. Familia yetu ni ya Kiislamu, na aibu ya pombe katika nyumba ya Kiislamu nadhani huhitaji nikuelezee.

Miaka saba iliyopita baba alitapika damu, akalazwa, na daktari akamwambia kwamba ini lake halitastahimili tena. Aliacha. Ameacha kweli, Shangazi, simsingizii. Siku hizi yuko safu ya mbele msikitini, na tarehe 13, 14 na 15 za mwezi wa Kiislamu hufunga saumu ya masiku meupe, yaani siku zile zile za mbalamwezi ambazo zamani zilikuwa zake za gongo. Majirani wanamtolea mfano. Mimi nikimwona anafuturu kwa tende na uji, natabasamu, halafu naingia chooni nikakaa humo mpaka mikono iache kutetemeka.

Mume wangu hajawahi kuonja pombe, lakini akichelewa nasimama nyuma ya pazia, na akiingia nanusa shati lake kwa kisingizio cha kulipeleka kwenye nguo chafu. Wiki ya mwezi mpevu silali. Kazini nakagua hesabu moja mara tatu, na mtu akiniomba jambo siwezi kumkatalia. Yule mdogo wangu niliyekuwa nikimbeba sasa ana miaka 29, amekuwa mnywaji kwa miaka miwili, na madeni yake nayalipa mimi kwa siri.

Lililonifanya nikuandikie lilitokea mwezi uliopita. Nilirudi kazini nimechoka, nikawa navua viatu barazani, nikamsikia binti yangu wa miaka tisa akimnong'oneza mdogo wake ndani: "Subiri kwanza, usitoke, nisikilize mama anavyovua viatu." Sinywi pombe. Sijawahi kumpiga. Nakiri kwamba nafoka kwa mambo madogo, chai ikimwagika, daftari likipotea, kisha nanyamaza siku nzima.

Baba anatarajia kwenda Hija kwa michango yetu. Kabla hajaondoka kutakuwa na dua nyumbani, naye atasimama mbele ya watu aombe asamehewe na ahalalishiwe, kama ilivyo desturi. Wadogo zangu wameniteua mimi nijibu kwa niaba ya watoto, niseme kwamba tumemsamehe. Nilipomwambia mama kwamba sitaweza, alinishika mkono akasema, "Yaliyopita si ndwele, mwanangu, tugange yajayo." Je, Shangazi, moyo wangu ni mbaya? Nitasema nini siku hiyo? Na mtu anaponaje, ikiwa aliyemjeruhi amekwisha kupona na yeye ndiye aliyebaki mgonjwa?

Ni mimi, Binti wa Kibirizi.

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama mahali pale pale, kwenye mtoto wa miaka tisa anayemzuia mdogo wake mlangoni ili asikilize viatu. Wewe umeliandika jambo hilo kama hukumu juu yako. Mimi naliona kuwa maelezo kamili ya maradhi unayoniuliza, kwa hiyo niruhusu nianzie hapo kabla ya kufika kwenye safari ya mzee.

Mtoto anayelelewa na mlevi hupewa elimu ambayo hakuiomba. Hawezi kumbadilisha baba yake, hawezi kuhama nyumba, lakini anaweza kujifunza kumsoma: hatua zake, pumzi yake, namna anavyogusa kitasa. Kila anaposikia dalili, moyo hudunda, misuli hukaza, usingizi hukatika, na mwili mzima hujiweka tayari kukimbia. Hayo yakitokea mara moja, mwili hutulia na kusahau. Yakitokea kila mwezi kwa miaka yote ya utoto, mwili huyafanya kuwa tabia yake, na hauachi tabia hiyo kwa sababu tu daktari amezungumza na baba yako kuhusu ini lake. Elimu ile iliwaokoa wewe na wadogo zako, wala usiionee haya. Shida ni kwamba hakuna aliyeuambia mwili wako kwamba zamu ya ulinzi imekwisha. Kunusa shati, kukagua hesabu mara tatu, kushindwa kusema hapana, kukosa usingizi mwezi ukipevuka: umeyataja kana kwamba ni matatizo manne, lakini yote ni yule mtoto aliyelala macho wazi, ambaye bado yuko kazini.

Wala hili si jambo la kwenu Kibirizi peke yenu. Madaktari wawili wa Marekani, Vincent Felitti na Robert Anda, pamoja na wenzao, waliwauliza watu wazima zaidi ya 17,000 waliofika kupimwa afya zao San Diego kuhusu yaliyowapata utotoni, na miongoni mwa maswali lilikuwamo la kama waliishi nyumba moja na mlevi. Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 1998. Yalionyesha kwamba kadiri mtu alivyopitia aina nyingi zaidi za misukosuko ya namna hiyo, ndivyo alivyokuwa katika hatari kubwa zaidi ya sonona, ya ulevi wake mwenyewe na hata ya maradhi ya moyo ukubwani. Nakueleza haya kwa sababu umeniuliza kama moyo wako ni mbaya. Moyo wako umeumia, na maumivu ya namna hii yanajulikana na yana tiba.

Sasa kuhusu methali ya mama yako. Naiheshimu, lakini tuyasikilize maneno yake yenyewe. Inasema yaliyopita si ndwele, na ndwele ni ugonjwa. Jambo linalokunyima usingizi mwezi huu, linalokufungia chooni wakati baba yako anafuturu, na linalomfundisha mjukuu wa mama huyo huyo kusikiliza viatu, halijapita. Ni ndwele ya leo, na kwa maneno ya methali yenyewe limo katika yale ya kugangwa. Hata hivyo usiende kubishana naye. Yeye ndiye aliyeamka na jicho lililovimba, na huenda methali hiyo ndiyo kitambaa alichofungia kidonda chake. Usikivute kwa nguvu kwa sababu wewe unataka kuosha chako.

Niseme na jambo linalonihusu. Miaka kadhaa nyuma msomaji mmoja aliniandikia habari inayofanana na yako, nami nikamshauri asamehe upesi ili apate amani. Aliniandikia tena baada ya muda. Alikuwa amesamehe kwa mdomo mbele ya ndugu, na tangu siku ile kila alipotaka kueleza maumivu yake aliambiwa, "Lakini wewe si ulishasamehe?" Msamaha alioutoa kabla ya wakati wake ulikuwa umemziba mdomo. Sijaisahau barua ile, na ndiyo sababu sitakushauri hivyo wewe.

Baba yako amefanya jambo zito. Ulevi uliokomaa ni ugonjwa, na wengi wanaoujua ubaya wake huingia nao kaburini. Mtu aliyekaa miaka saba bila kurudi nyuma anastahili heshima, nawe umempa heshima hiyo ndani ya barua yako bila kusitasita. Lakini naona pia kilichokukwamisha. Alipokuwa akinywa, hasira yako ilikuwa na haki mbele ya kila mtu. Sasa anafunga na kuswali, na hasira ile ile imegeuka kuwa dhambi yako. Amepona yeye, akapata makofi, na wewe hujawahi kuulizwa hata siku moja, "Nawe, mwanangu, ulikuwaje usiku ule?" Mambo mawili haya ni kweli kwa pamoja: baba yako ametubu, na wewe unadai deni ambalo halijalipwa. Hulazimiki kuchagua moja ulitupe la pili.

Mimi si mwanazuoni, na ningependa umwendee sheikh unayemwamini kuwa anatunza siri. Lakini hili ni jambo linalofundishwa madrasa: toba ya kosa lililo kati ya mtu na Mola wake ina masharti ya kuliacha kosa, kulijutia na kuazimia kutolirudia, na kosa likimgusa mja mwingine huongezeka sharti la kumrudishia haki yake au kumwomba radhi. Ndiyo maana msafiri wa Hija huzunguka kuomba kuhalalishiwa. Dini yenyewe, basi, imekupa wewe nafasi katika jambo hili. Aliye na haki huombwa, na anayeombwa ana ruhusa ya kueleza kwanza anaombwa nini.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba mazungumzo yako na baba yafanyike kabla ya dua, mkiwa wawili, wakati wa mchana ambapo hajachoka. Usimpelekee miaka yote. Mpelekee usiku mmoja. Uandike kwanza kwenye karatasi, ili sauti ikikukatika upate kusoma. "Baba, nakutakia Hija njema. Kuna usiku mmoja nataka uufahamu kabla hujaondoka. Nilimfunga mdogo wangu mgongoni kwa kanga, tukatoka kwa mlango wa nyuma, nami nilikuwa na miaka tisa." Unaona umri huo ninaoutaja, kama haukuwa huo, weka ulio wa kweli. Usimtukane, usimhukumu, na usimwachie nafasi ya kusema hayakuwa mengi.

Jiandae pia kwa jibu la "Sikumbuki." Hilo huwavunja moyo watoto wengi wa walevi, kwa kuwa hulichukua kuwa uongo. Pombe nyingi inapoingia kwa kasi huzuia ubongo kuweka kumbukumbu, kiasi kwamba mtu anaweza kutembea, kuongea na kupiga, kisha asubuhi asiwe na picha yoyote ya usiku ule. Inawezekana kabisa kwamba usiku unaoukumbuka wewe kwa kila kokoto haumo kichwani mwake. Akisema hakumbuki, mjibu: "Najua, baba. Ndiyo maana nakuambia mimi ninayekumbuka." Akilia, mwache alie, si kazi yako tena kumbembeleza. Akikasirika, inuka uage kwa adabu uondoke, na ujue kwamba umesema, na kwamba kusema kulikuwa kwa ajili yako.

Na siku ya dua, mkabidhi mdogo wako mmojawapo kazi ya kujibu. Umebeba kazi za wote tangu utotoni, hii moja waibebe wao. Ikiwa watakusukuma usimame, sema lililo kweli na usiongeze: "Baba, tunakuombea safari njema, Mwenyezi Mungu aipokee ibada yako, na yaliyo baina yangu na wewe tunayazungumza sisi wawili." Hapo hujamwaibisha mzee mbele ya watu wala hujajidanganya. Kama baada ya mazungumzo utaona moyo umelegea ukasema umemsamehe, sema. Usipoona hivyo, msamaha una njia yake na unaweza kufika yeye akiwa amekwisha kurudi, au baadaye sana.

Nije kwa mdogo wako. Mwanangu, ile kanga hujaifungua. Bado umembeba mgongoni, na sasa ana miaka 29. Watafiti wa urithi wa ulevi hukadiria kwamba karibu nusu ya uwezekano wa mtu kuwa mlevi hutokana na damu aliyozaliwa nayo, na iliyobaki hutokana na maisha yake. Kwa hiyo si dhaifu kuliko ninyi wengine, ila kila deni unalolilipa kwa siri humpunguzia sababu ya kutafuta msaada. Mwambie wazi kwamba hutalipa tena, lakini chakula atakipata kwako na nauli ya hospitali utaitoa saa yoyote. Na hapa nakuonya kwa uzito: ikiwa anakunywa kila siku, msimfungie chumbani mkamlazimisha aache ghafla. Mwili uliozoea pombe ukinyimwa kwa mara moja unaweza kupata degedege katika siku mbili za mwanzo, na kati ya siku ya pili na ya nne mtu anaweza kuchanganyikiwa, kutetemeka na kuona visivyokuwepo, hali inayoweza kumuua. Kuacha kwake kusimamiwe na daktari.

Ndugu wa walevi wana maneno matatu wanayoambiana katika vikundi vya Al-Anon, vilivyoanzishwa Marekani mwaka 1951 na wake wa wanaume waliokuwa wameacha pombe: sikuusababisha, siwezi kuutawala, siwezi kuuponya. Yaandike nyuma ya daftari lako la kazini. Baadaye, katika miaka ya 1970, watoto wa walevi waliokwisha kuwa watu wazima walianza vikundi vyao huko New York, na siku hizi mikutano ya namna hiyo hufanyika hata kwa simu na intaneti. Ukiwa na rafiki mmoja aliyekulia nyumba kama yenu, na Kigoma hawakosekani, mnaweza kuanza kwa kuketi wawili kila wiki, mkubaliane kwamba kinachosemwa hakitoki nje.

Lakini rafiki hatoshi kwa mtu anayetetemeka chooni. Nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni, ukifika mapokezi uliza huduma ya afya ya akili, na useme kama ulivyoniambia: silali, moyo unadunda, nimelelewa na baba mlevi. Huna haja ya kusubiri hadi uanze kuokota makopo ndipo ustahili kutibiwa. Kuna tiba ya mazungumzo ambayo mtu huirudia kumbukumbu taratibu, mahali salama, akiwa na anayejua kazi hiyo, mpaka mwili ujifunze kutofautisha jana na leo. Inachukua muda, na kuna wiki utatoka umechoka kuliko ulivyoingia. Usiache kwa sababu hiyo.

Wewe una bahati moja ambayo wengi hawana: unaijua tarehe ya maradhi yako. Mwezi huzunguka kwa siku 29 na nusu. Chukua kalenda, uzitie alama siku zile za 13 hadi 15 na mbili tatu za kabla yake, umwonyeshe mumeo. Umeandika juu yake lakini sijaona mahali ulipomweleza kwa nini unanusa shati lake. Mweleze. Mwombe wiki hiyo apige simu akichelewa, na akifika aite jina lako kutoka nje kabla ya kugusa mlango. Usiku ukiamka moyo unakwenda mbio, weka nyayo zote mbili kwenye sakafu ya baridi, toa pumzi polepole kuliko unavyoivuta, na utaje kwa sauti vitu vitano unavyoviona chumbani mwako. Huo ni mwili unaoonyeshwa kwamba chumba hiki si kile cha Kibirizi.

Na binti yako. Usimwombe msamaha wa jumla wa mambo makubwa asiyoyaelewa. Mwambie jambo alilolisikia yeye. Keti naye, umwambie kwamba ulimsikia akimzuia mdogo wake, kwamba hajakosea kufanya hivyo, na kwamba mama amekuwa akifoka kwa makosa yasiyostahili kufokewa. Kisha anza desturi moja ndogo. Kila unaporudi, kabla hujavua hata kiatu kimoja, sema kwa sauti ukiwa barazani hali yako ilivyo: "Wanangu, nimefika. Leo nimechoka, sijamkasirikia mtu." Au: "Leo nimeudhiwa kazini, si na ninyi, nipeni nusu saa." Mtoto anayeambiwa hali ya mama yake hana haja ya kuichungulia kwenye viatu. Siku utakayofoka, na itakuwapo, rudi kabla ya kulala umwambie, "Pale nilikosea." Hilo ndilo baba yako hakuweza kukufanyia, na wewe unaliweza leo jioni.

Nimemweka mtu mmoja mwisho kwa makusudi, yule mama jirani yenu, maana umempa mistari michache tu. Katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, watafiti waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 mpaka wakawa watu wazima. Kati ya wale waliokulia katika taabu nyingi zaidi, umaskini, ugomvi, wazazi walevi au wagonjwa wa akili, karibu theluthi moja walikua wakawa watu wenye uwezo, wanaojali wenzao na wanaojitegemea. Kimoja kilichojirudia katika maisha yao ni kwamba kila mmoja alikuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyemjali bila masharti. Mtu wako alikuwa na mlango usiokuwa na komeo na mkeka uliotandikwa. Kama yu hai, mtafute. Mpelekee sukari, mchele na kanga nzuri, ukae naye mchana mzima, na umwache binti yako acheze uani kwake. Akikuuliza umekuja kwa nini, mwambie umekuja kumsalimu. Huenda yeye ndiye atakayeanza kuzungumza, kwa kuwa ndiye shahidi wako pekee wa nje ya nyumba, na kusikia mtu mwingine akisema "naukumbuka usiku ule" kutakufaa kuliko mengi niliyoandika hapa.

Niandikie baada ya mzee kusafiri, hata kama mazungumzo yenu hayatakuwa yamekwenda kama tulivyoyapanga.

Shangazi yako.